Aliyeshinda Bila Kupiga

Mechi yetu ya kwanza ya paintball iliisha kabla jasho halijanitoka. Tulikuwa watano, wote wa ofisi moja Nairobi, tumevaa fulana zenye jina la timu tulilobishania kwenye WhatsApp wiki nzima. Kipenga kilipolia nilikimbia hadi nyuma ya rundo la matairi, nikafyatua, nikafyatua tena, sikuacha. Rangi ya machungwa ikatapakaa kwenye miti, kwenye mapipa, hata kwenye kiatu cha mwenzangu. Nilipoinua kichwa nione kama nimempata mtu, kidonge kimoja kikapasuka kwenye kioo cha barakoa yangu. Paa! Nje. Dakika ya nne sote watano tulikuwa kwenye benchi la waliotolewa, tunakula sambusa.

Desemba nikashuka Emali, nikapanda matatu ya Matiliku, nikafika nyumbani. Susu, mama yake baba, alikuwa anapepeta ndengu uani. Nikamwonyesha video kwenye simu, nikidhani itamchekesha. Aliitazama mara mbili, kimya.

"Ulikuwa na mishale mingapi?"

"Mia mbili, susu."

"Ukapata wangapi?"

"Hakuna."

Hapo ndipo alipocheka, mpaka akauweka ungo chini. "Mume wangu," akasema. Ananiita hivyo kwa sababu nimepewa jina la babu. "Mwenye jina lako alikuwa akiingia nyika na mishale isiyofika ishirini, na mingine alirudi nayo."

Mimi babu nilimjua kama mzee wa kanisa na wa maembe. Hakuna siku aliyoniambia kwamba alikuwa mwindaji. Alizikwa na habari hiyo, kumbe susu alikuwa nayo, pamoja na podo lililofungwa kwa gunia juu ya dari ya stoo.

Niliporudi Nairobi niliamua kujifunza mambo mawili kwa pamoja: mchezo huu umetoka wapi, na ule wa babu ulienda wapi. Sikutarajia vikutane.

Paintball ilianza na ubishi. Charles Gaines alikuwa mwandishi aliyeishi New Hampshire, Marekani, mtu wa msitu na uvuvi. Rafiki yake Hayes Noel alikuwa dalali wa hisa New York. Walibishana: nani ataokoka porini, mtu wa mashambani aliyezoea msitu, au mtu wa mjini ambaye kila siku anapambana na wajanja wa soko? Kama umewahi kukaa kwenye basi la Krismasi kati ya binamu wa Umoja na binamu wa Nzaui, ubishi huo unaujua.

Kilichowapa njia ya kuumaliza ni chombo cha kazi. Kampuni ya rangi ya Nelson ilikuwa na bastola ya gesi iitwayo Nelspot 007, ambayo mabwana misitu waliitumia kutia alama miti ya kukatwa, na wafugaji kutia alama ng'ombe kwa mbali. Ndiyo maana hadi leo wenye mchezo hawaiiti bunduki. Wanaiita maka, yaani kitu cha kutia alama.

Tarehe 27 Juni 1981, karibu na mji wa Henniker, watu 12 waliingia msituni, akiwemo rafiki yao wa tatu, Bob Gurnsey, ambaye aliandika kanuni. Kulikuwa na vituo vinne vya bendera, kila kituo na rangi yake. Ungeshinda kama ungekusanya bendera moja ya kila rangi na kutoka bila kupakwa. Maka zile zilifyatua kidonge kimoja kimoja, kila mara unaikoki upya kwa mkono. Wengine waliwindana. Mshindi alikuwa bwana misitu aitwaye Ritchie White. Alipita kituo hadi kituo polepole, akachukua bendera zake nne, akatoka. Hakufyatua hata mara moja, na inasemekana hakuna aliyemwona.

Nilisoma habari hiyo mara tatu. Mimi nilimaliza vidonge 200 kwa dakika nne nikatoka mikono mitupu. Na mtu wa kwanza kabisa kushinda mchezo huu duniani hakupiga.

Sasa turudi Ukambani. Katika karne ya 19 Wakamba walijulikana kwa mambo mawili yaliyofuatana: uta na safari. Misafara yao ilibeba pembe za ndovu hadi Mombasa. Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, na ni kutoka huko Kitui ambako Krapf aliuona Mlima Kenya. Nyuma ya kila pembe iliyofika pwani kulikuwa na mtu aliyemnyatia ndovu kwa miguu hadi karibu sana, kwa sababu uta si kitu cha kubahatisha ukiwa mbali.

Mshale wenyewe ulikuwa kazi ya siku nyingi. Sumu ilipikwa kutokana na mti unaoota katika nchi kavu, ikachemshwa kwa muda mrefu mpaka ikawa nzito na nyeusi kama lami. Ni sumu inayoshika moyo. Ilipakwa karibu na ncha, kisha ikaviringishiwa kipande cha ngozi laini. Ngozi ile ilikuwa na kazi mbili: kumlinda mwindaji asijichome, na kuzuia sumu isikauke. Sumu kavu haina kazi. Mwindaji aliyezembea nyumbani alishindwa nyikani, hata akiwa na shabaha ya namna gani.

Tena kila mwindaji alikuwa na alama yake kwenye mishale, kama vile ng'ombe na mizinga ya nyuki ilivyotiwa alama ya ukoo. Mnyama akipatikana ameanguka mbali, alama ilimaliza maneno. Hukuweza kudai mnyama asiye wako, wala kuukana mshale ulio wako.

Halafu zikaja sheria. Serikali ya kikoloni ilifanya uwindaji kuwa jambo la leseni, na leseni hazikuandikwa kwa ajili ya mtu mwenye uta. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alipanda treni kutoka Mombasa akapita nchi yetu. Katika safari hiyo yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe, na dunia ikawaita mashujaa. Jirani zetu waliokuwa wakipiga mnyama mmoja wa kula waliitwa majangili. Mwanahistoria Edward Steinhart aliandika kitabu kizima, kilichotoka 2006, kuhusu tofauti hiyo ya majina: mweusi jangili, mweupe mwindaji.

Mwaka 1948 Tsavo ikawa hifadhi ya taifa. Mwaka 1956 na 1957 ikafanywa operesheni kubwa dhidi ya wenye mata katika nyika hiyo, Waata na Wakamba wakiwa wa kwanza kutafutwa. Mei 1977 Kenya huru ikapiga marufuku uwindaji wote. Sitaki kudanganya hapa: ndovu walikuwa wanaisha, na kama ningekuwa waziri mwaka ule huenda ningetia sahihi hiyo hiyo. Lakini sheria iliyokataza kuua ilizima pia yale mengine yote, kunyata, kusoma upepo, kuhesabu, kusubiri. Babu hakukamatwa na mtu yeyote. Alipanda tu kwenye dari ya stoo siku moja, akashuka mikono mitupu, akapanda maembe. Hakutufundisha kwa sababu hakutaka tuitwe jina lile.

Pasaka iliyofuata nilirudi Matiliku na timu nzima. Shindano la pili lilikuwa wiki tano mbele, timu za maofisi na za vyuo. Hatukubeba maka hata moja. Wenzangu walidhani ni mzaha.

"Sasa tunafanya mazoezi na nini? Na maembe?"

"Na miguu," nikasema.

Shamba letu liko kwenye mteremko, limekatwa matuta ya fanya-juu kutoka juu hadi chini, na mpaka wake ni makonge. Kwa mchezo huu ni uwanja kamili. Tulianza na kutembea tu. Kila mmoja alichuchumaa kila mahali penye kificho, akasema kwa sauti mambo mawili: ninaona nini, na ninaonekana kutoka wapi. La pili ndilo tulilokuwa hatujawahi kujiuliza. Timu kubwa za paintball hufanya hivyo hivyo kabla ya mashindano, wanaukagua uwanja kificho kwa kificho. Susu alituangalia kutoka uani, akamwambia mhasibu wetu kwamba anajificha kama mbuni. Kichwa kilikuwa ndani, makalio nje.

Kisha tukajifunza kusema. Uwanjani usiponiambia aliko adui, macho yako hayana faida kwangu. Tukapeana majina mafupi ya kila mahali: konge, tuta, embe, tanki. Mmoja anaona, wanne wanajua. Tukahesabu pia kwa sauti, wamebaki wangapi wao, wamebaki wangapi wetu.

Jambo la tatu lilikuwa vidonge. Kidonge cha paintball ni kama kile cha hospitali. Hata vile vya kwanza vilitengenezwa na R.P. Scherer, kampuni ya vidonge vya dawa. Ganda ni jelatini, ndani ni rangi. Kikipata unyevu kinavimba, kikipata joto kinalainika na kupoteza umbo, kikipata baridi kinakuwa chepesi kupasuka ndani ya mtutu. Mara ya kwanza tulikuwa tumeacha katoni kwenye buti ya gari, juani, asubuhi nzima. Ndiyo maana vilikuwa vinapinda hewani kama mpira wa karatasi. Sasa tuliviweka kwenye kisanduku kilichofunikwa, kivulini, tukavigeuza kila siku visibonyee upande mmoja. Nilipomweleza susu, hakushangaa. "Ni ngozi ya mshale hiyo," akasema.

Usiku akatuteremshia podo. Mishale saba. Sumu ilikuwa imekauka miaka mingi, lakini hakuturuhusu kugusa ncha. Alitushikia mmoja karibu na taa ya sola, tukaona mikato midogo kwenye uti wake.

"Hii ni yake," akasema. "Hata ukiuokota Tsavo, utajua ni wa nani."

Siku ya shindano, refa alipima mwendo wa kila maka. Kikomo kilikuwa futi 300 kwa sekunde, kama mita 91. Akarudia sheria ambayo haina msamaha: barakoa haivuliwi uwanjani, hata ikijaa mvuke kiasi gani, kwa sababu kidonge kile hakibakishi jicho. Na akataja ile nyingine: ukipakwa, inua mkono, toka. Kufuta rangi ni wizi.

Mechi ya kwanza tulishinda. Ya pili pia. Nilikuwa nafyatua mara moja, mara mbili, nanyamaza, nasogea. Kwenye nusu fainali tukabaki wawili dhidi ya mmoja, mimi na mhasibu. Yule wa kwao alikuwa amebanwa nyuma ya pipa, na mhasibu alikuwa anatambaa kumzunguka. Zilibaki hatua kumi hivi. Hapo akasimama ghafla, akainua mkono.

Alikuwa amepigwa nyuma ya muundi, alama ndogo kama sarafu, tayari imechanganyika na tope. Refa hakuiona. Mimi sikuiona. Aliyefyatua mwenyewe hakujua. Nilibaki peke yangu, nikashangaa sekunde moja zaidi, na hiyo ilitosha. Tulitolewa.

Nilikasirika, sitaficha. Nilimuuliza kwa nini, na kidole kilikuwa mbali na ile rangi kwa sentimita mbili tu. Akafuta jasho, akaniangalia kama mtu anayeulizwa swali la kitoto.

"Si susu yako alituonyesha? Mshale ulikuwa na mwenyewe."

Sikuwa na la kujibu. Tulicheza ya nafasi ya tatu tukashinda, tukapewa kikombe cha plastiki ambacho sasa kinawekwa kalamu ofisini.

Jioni nikampigia susu. Nikamweleza yote: uwanja, pipa, mkono wa mhasibu, kikombe. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuniuliza tumekuwa wa ngapi.

"Mmerudi na mishale mingapi?"

Nilikuwa nimeshahesabu, kwa sababu nilijua ataniuliza. "Mimi nimebaki na sitini na moja."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia mbuzi, nikasikia redio ya jirani.

"Haya," akasema. "Na yale maembe niliyompa yule mhasibu, yalifika yakiwa mazima?"