Usitishaji: istilahi ya kwanza katika Mbinu ya Alexander

Frederick Matthias Alexander, aliyezaliwa Tasmania mwaka 1869, alikuwa akighani Shakespeare jukwaani, na sauti ikawa inamkauka katikati ya maonyesho. Daktari alimshauri aipumzishe. Akirudi jukwaani, inakauka tena. Akaamua kujitazama kwenye kioo huku akighani. Kumbe kila anapotaka kuanza, huvuta kichwa nyuma, hukandamiza koo na kuvuta pumzi kwa kishindo. Akajirekebisha, akaamini kichwa sasa kimekwenda mbele, lakini kioo kikamwonyesha bado kiko nyuma. Mazoea yakikomaa, mwili huyaona ndiyo sawa, na kilicho sawa huuonekea kombo.

Dawa aliyoipata aliiita inhibisheni. Kuitafsiri kuwa "kujizuia", kama inavyotujia kwa wepesi, kunapotosha. Mwambie mwanafunzi ajizuie, atabana pumzi na kukaza misuli, yaani ataongeza nguvu juu ya nguvu. Napendekeza usitishaji. Kusitisha mapigano ni kuacha kurusha risasi, si kurusha nyingine za kuzuia zile za mwanzo.

Ukiwa umekaa kitini, weka kiganja nyuma ya shingo, kisha simama kama kawaida yako. Huenda ukahisi shingo ikikaza na kisogo kikishuka kabla hujaachana na kiti. Kaa tena. Nuia kusimama, ila usilitii wazo hilo, liache lipite. Shingo ikishatulia, amua upya: usimame, ubaki ulipo, au unyanyue mkono tu. Usitishaji ni huo muda mfupi ambao mtu amenuia na bado hajatenda. Mwalimu husaidia kwa mguso mwepesi, kwa kuwa hisi za mwanafunzi haziaminiki bado.

Si jambo la wasanii peke yao. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2008 katika jarida la BMJ ulihusisha watu 579 wenye maumivu sugu ya mgongo. Waliopewa masomo 24 ya mbinu hii walikuwa na siku chache za maumivu kuliko wasiopewa, hata baada ya mwaka mzima.

Istilahi inayofuata ni uelekezaji. Akishasitisha, mtu hujiagiza kimoyomoyo: shingo iwe huru, kichwa kiende mbele na juu, mgongo urefuke na kupanuka. Maagizo haya hunuiwa tu. Mwanafunzi akianza kuyatekeleza kwa kukaza misuli, mwalimu humrudisha kwenye kusitisha.