Saini chini ya ukurasa

"Mwenyekiti, sema tu hukujua. Na wala si uongo, kweli hukujua."

Aliyenishauri hivyo alikuwa makamu wangu. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya chama kimoja cha wakulima wa kahawa wilayani Mbozi, katikati ya msimu wa mavuno. Karani wa mizani alikuwa amewapunja watu kilo moja, wakati mwingine mbili, katika kila gunia. Siri ilifichuliwa na mama mmoja mjane aliyepima kahawa yake kwanza kwenye mizani ya dukani, akaileta kwetu, ikapungua njiani bila gunia kutoboka. Karani huyo alikuwa shemeji yake makamu. Makamu alitaka ahamishiwe stoo kimyakimya, mimi niwaambie wanachama kwamba sikujua, na msimu uishe salama.

Jioni nilipanda gari kurudi nyumbani Nanyala. Tulikwama nyuma ya foleni ya malori yatokayo Tunduma, nikapata muda mrefu wa kufikiri. Nilimkumbuka Mzee Mwinyi.

Wengi tunamjua Ali Hassan Mwinyi kama Mzee Rukhsa, Rais wa Awamu ya Pili, aliyefungua maduka yetu yakajaa bidhaa baada ya miaka ya foleni za sukari na sabuni. Lakini mwaka 1975 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, mwalimu wa zamani kutoka Zanzibar aliyekabidhiwa polisi na magereza. Miaka hiyo, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, wazee, hasa akina mama, walikuwa wakiuawa kwa kudhaniwa wachawi. Serikali ikataka mauaji yakome. Polisi na watu wa usalama wakakamata washukiwa kwa wingi, na huko mahabusu wakawatesa ili wakiri. Baadhi yao walifia mikononi mwa dola.

Hakuna aliyedai kwamba Mwinyi alimnyanyulia mtu fimbo. Yeye alikuwa Dar es Salaam, na Shinyanga ni mbali. Tena waliotenda walitoka katika idara mbili tofauti, na mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua hiyo ni nafasi ya dhahabu: polisi wawasukumie usalama, usalama wawasukumie polisi, wizara iunde kamati, kamati iombe muda. Neno "sikujua" lingemtosha, na lingekuwa la kweli.

Mwaka 1977 aliandika barua ya kujiuzulu, na Mwalimu Nyerere akaikubali. Waliong'oka pamoja naye ni Peter Siyovelwa, waziri aliyesimamia usalama, na wakuu wa mikoa hiyo miwili, Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga. Baadhi ya maofisa walishtakiwa mahakamani.

Kuna jambo linalonikera kila hadithi hii inaposimuliwa. Tunaisimulia kwa kurukia mwisho wake: alijiuzulu, akapelekwa balozi Misri, akarudi, akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984 na Rais wa Muungano mwaka 1985. Utadhani kujiuzulu ni mkopo unaorudi na riba. Lakini wale watatu wengine waliondoka kwa sababu hiyohiyo, hakuna hata mmoja aliyefika Ikulu, na leo vijana wengi hawawajui hata kwa majina. Na siku Mwinyi anatia saini barua ile hakuwa na ahadi ya chochote mfukoni. Wala barua zao hazikumfufua mtu. Kule Mwanza na Shinyanga kulibaki familia zilizokwisha kuzika, na sijui kama habari za kujiuzulu kwa waziri ziliwapunguzia kitu.

Hata hivyo barua ile ilisema jambo ambalo ofisi zetu hazipendi kulisikia. Cheo ndicho kilichokuwa na wajibu wa kujua. Asiyejua yanayotendwa kwa mamlaka yake hawezi kuutumia ujinga wake kama kinga.

Miaka miwili baadaye mwingine aliondoka, kwa sababu iliyo kinyume kabisa: yeye alijua, na hakukubaliana. Edwin Mtei, Gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alikuwa Waziri wa Fedha mwaka 1979, nchi imetoka kwenye vita vya Kagera na akiba ya fedha za kigeni imekauka. Aliona hakuna njia ila kuelewana na Shirika la Fedha la Kimataifa, pamoja na kushusha thamani ya shilingi. Mwalimu akakataa katakata. Mtei angeweza kufanya wanavyofanya wengi, kuitikia "ndiyo" kikaoni na kunung'unika koridoni huku akichelewesha mafaili. Alijiuzulu, akaenda kwenye shamba lake la kahawa Tengeru. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na shirika hilohilo, na aliyekuwa madarakani ni Mwinyi.

Najua mtu atacheka: mawaziri na mizani ya kijijini wapi na wapi? Nami nilijiuliza hivyo kwenye gari. Ila nilipofika nyumbani nilifungua daftari la mapokezi nililokuwa nimelibeba, nikaona saini yangu chini ya kila ukurasa. Kila jioni nilikuwa nimetia saini kwamba nimehakiki. Sikuwahi kuhakiki hata siku moja. Nilikuwa naharakisha kuwahi gari.

Kwenye mkutano mkuu niliwafungulia daftari, nikaeleza wizi ulivyokuwa, nikamtaja karani mbele ya makamu, kisha nikasoma barua yangu. Nilitegemea, lazima nikiri, kwamba wangenizuia. Walipiga kura na kuikubali. Yule mama mjane naye alinyoosha mkono kuikubali, kisha akanifuata nje.

"Mwanangu," akaniambia, "umefanya vizuri kusema. Lakini kilo zangu?"

Nililipa za kwake na za wengine niliomudu, kwa hela ya mavuno yangu. Zilizobaki chama kiliahidi kulipa, na hadi leo kinaahidi. Karani aliondoka. Makamu ndiye mwenyekiti sasa. Msimu ukifika napeleka magunia yangu kwenye mizani ileile kama mwanachama mwingine yeyote, nasimama karibu, na namwomba karani mpya asubiri mshale utulie kabla hajaandika.