Simu Yako Inamsikia Nani? Kutoka Enzi za "Nirushie Wimbo" Hadi Kunasa Vidude Vinavyokufuatilia

Tuanze na mkasa kwanza.

Januari 2022, mwanamitindo mmoja wa Marekani, picha zake zishawahi kutoka kwenye jarida la Sports Illustrated, alikuwa baa jijini New York. Jina tunalihifadhi, wanaomjua watamjua. Usiku anarudi nyumbani kwa miguu, peke yake, iPhone yake ikamwambia kuna kifaa kisicho chake kinatembea naye. Kuja kucheki, mfukoni mwa koti kulikuwa na AirTag, kile kidude cha Apple cha duara ambacho watu hufunga kwenye funguo ili zisipotee. Mtu alikichomeka bila yeye kujua. Dada wa watu akaenda Instagram kuwatahadharisha wenzake.

Wengi waliuliza nani alikiweka. Mimi naomba tuulize kingine: simu ilijuaje? Na kwa nini dada mwingine mwenye Android, usiku huohuo, huenda asingeambiwa chochote hadi afike kwake?

Kujibu hilo inabidi turudi nyuma kidogo.

Enzi za kurushiana

Kama ulikuwa na simu ya vitufe miaka ya 2000, unaikumbuka hii. Upo kwenye daladala, rafiki yako ana wimbo mpya, unamwambia "nirushie". Unawasha Bluetooth, anabonyeza tafuta, mnasubiri sekunde kama kumi, halafu yanatokea majina ya simu za watu msiowajua, mengine ya kuchekesha mpaka basi.

Bluetooth ilizaliwa kwenye maabara za Ericsson kule Sweden miaka ya 1990, na mwaka 1998 Ericsson, Nokia, Intel, IBM na Toshiba wakaunda umoja wa kuisimamia. Jina ni la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Injinia mmoja wa Intel ndiye aliyelipendekeza, kwa sababu mfalme huyo aliunganisha watu kama wao walivyotaka kuunganisha vifaa.

Sasa shika jambo moja la enzi zile: ili simu yako ionekane, lazima uwe umeiweka ionekane. Ukiificha, anayetafuta haoni kitu. Siri ilikuwa mikononi mwako.

Kidude kinachojitangaza

Tatizo la Bluetooth ile lilikuwa kula chaji. Huwezi kuiweka kwenye kitu chenye betri ndogo kama ya saa ukategemea idumu. Nokia wakalifanyia kazi, na mwaka 2006 wakatangaza teknolojia waliyoiita Wibree. Baadaye ikaingizwa ndani ya Bluetooth yenyewe, na toleo la 4.0 la mwaka 2010 likaja nayo kwa jina la Bluetooth Low Energy, yaani Bluetooth inayotumia umeme kidogo. iPhone 4S ikaja nayo mwaka 2011. Android ikaipokea rasmi kwenye toleo la 4.3, mwaka 2013.

Namna inavyobana chaji ndiyo iliyobadilisha mchezo. Kifaa kinalala, kinaamka kwa muda mfupi mno, kinatangaza "mimi niko hapa", kinalala tena. Kinarudia hivyo siku nzima. Tangazo lenyewe ni fupi, baiti 31 tu kwenye toleo lile la mwanzo. Kwa hiyo betri ya ukubwa wa sarafu inaweza kukaa mwaka mzima.

Na simu inayoskani? Kazi yake kubwa ni kusikiliza. Inanasa matangazo yote yanayopita hewani na kupima nguvu ya kila moja. Nguvu hiyo huandikwa kwa namba hasi: ikisoma -45 kifaa kiko karibu sana, ikisoma -90 kiko mbali au kuna ukuta katikati. Inaweza hata kusikiliza bila kujibu, kwa hiyo anayejitangaza hajui nani amemsikia.

Hapo ndipo biashara ikaingia

Mwaka 2013 Apple wakaleta iBeacon. Duka linabandika vidude ukutani, kila kimoja kinatangaza namba yake. Namba peke yake haina maana. Lakini programu ya duka iliyo kwenye simu yako ina orodha: namba hii ni mlangoni, ile ni sehemu ya viatu. Ikisikia namba ya viatu, inajua umesimama mbele ya viatu, bila kuhitaji GPS.

Umeona? Kujua nani yuko karibu yako ni sawa na kujua wewe uko wapi.

Ndiyo maana kuanzia Android 6.0, mwaka 2015, programu ikitaka kuskani vifaa vya Bluetooth ilibidi iombe ruhusa ya lokesheni. Watu tulikasirika. "Programu ya saa yangu inataka lokesheni ya nini?" Tukadhani tunapelelezwa. Kumbe ulikuwa ukweli uliochelewa kusemwa: uwezo huo ulikuwepo, ila mwanzoni hatukuwa tunaulizwa. iPhone nazo zilianza kuuliza kuhusu Bluetooth kwenye iOS 13, mwaka 2019. Mwaka 2021, Android 12 ikaleta ruhusa ya peke yake ya vifaa vilivyo karibu, na programu isiyohitaji kujua ulipo ikaweza kutamka hivyo na kuacha kuomba lokesheni.

Mwaka huohuo, AirTag

AirTag iliingia sokoni Aprili 2021. Haina GPS. Inajitangaza tu, na iPhone za wapita njia zinaisikia na kupeleka taarifa ya mahali ilipo kwa mwenye nayo, bila wapita njia wenyewe kujua. Kwa funguo zilizopotea, ni raha tupu. Kwa mtu mwenye nia mbaya na mfuko wa koti la mwanamke, ni balaa.

Apple walijiandaa kwa kiasi. iPhone ikiona AirTag isiyo yako inakufuata, inakuambia. Kwa mwenye Android, mwanzoni tumaini lilikuwa AirTag yenyewe kulia baada ya siku tatu mbali na mwenye nayo. Siku tatu! Mtu ameshajua unalala wapi na unafanya kazi wapi. Juni 2021 wakapunguza hadi kati ya saa 8 na 24. Desemba wakatoa programu ya Android ya kutafuta vidude hivyo, lakini ilibidi uifungue na kuskani mwenyewe. Nani anaskani kitu ambacho hata hakihisi?

Kwa hiyo yule mwanamitindo aliokolewa na aina ya simu aliyobeba. Huku kwetu, ambako wengi tunatumia Android, hilo si jambo la kuchukulia poa.

Julai 2023 Google wakaanza kuweka onyo hilo ndani ya Android yenyewe, kuanzia toleo la 6.0. Mei 2024 Apple na Google wakaanza kutumia utaratibu mmoja, ili simu ya upande wowote iweze kukuonya hata kidude kikiwa cha upande wa pili. Kuskani kulekule kulikotumika kutufuatilia madukani, sasa kunatulinda.

Fanya hivi leo

Ingia kwenye mipangilio ya Android yako, sehemu ya usalama na dharura, tafuta onyo la vifaa vya kufuatilia visivyojulikana. Hapo unaweza pia kuskani mwenyewe. Bluetooth na lokesheni ziwe zimewashwa. Ukikuta kidude, piga picha kwanza, kisogeze nyuma ya simu yenye NFC uone namba yake, ndipo utoe betri. Usiende nacho nyumbani. Nenda polisi au kwa mtu unayemwamini. Halafu pitia programu zako uone zipi zina ruhusa ya vifaa vilivyo karibu. Tochi na kikokotoo hawana sababu ya kuwa nayo.

Haya wadau, ukiingia kwenye mipangilio, programu gani imekushangaza kuikuta humo? Na nani bado anakumbuka jina la ajabu aliloipa simu yake enzi za kurushiana? Dondosha hapo chini, mimi nasoma zote.