Hadhira ya mtandaoni

Hadhira ya mtandaoni ni watu wanaosoma, kusikiliza au kutazama mara kwa mara yale ambayo mtu au taasisi huchapisha kwenye intaneti, hasa kupitia blogu na mitandao ya kijamii. Ni tofauti na umati wa wapita njia. Mtu aliyefungua video moja iliyosambaa na asirudi tena huingia kwenye takwimu, lakini hajawa sehemu ya hadhira. Kujenga hadhira ni kumfanya mgeni arudi. Kuisimamia ni kutunza uhusiano huo baada ya yeye kurudi, pamoja na yote yanayoandamana nao: maoni ya wasomaji, matusi, makosa ya mwandishi, matangazo ya biashara na sheria za nchi.

Makala hii inahusu zaidi hadhira ya Kiswahili na ya Afrika Mashariki. Historia yake inaonyesha jambo ambalo miongozo mingi ya kupata wafuasi hailigusi: hadhira hukusanyika mahali fulani, na mahali hapo pana mwenyewe.

Blogu na mitandao ya kijamii

Neno "blogu" limetokana na "weblog", lililobuniwa na Mmarekani Jorn Barger mwaka 1997 kwa maana ya kumbukumbu ya mambo aliyokutana nayo kwenye mtandao. Mwaka 1999 kampuni ndogo ya Pyra Labs ilitoa programu ya Blogger, ambayo ilinunuliwa na Google mwaka 2003. Mwaka huohuo ilitoka programu ya WordPress. Tangu hapo mtu hakuhitaji kujua namna ya kutengeneza tovuti ili kuchapisha; alihitaji anwani ya barua pepe na kompyuta, mara nyingi ya kukodi kwenye kibanda cha intaneti.

Kwenye blogu chapisho jipya hukaa juu na la zamani hushuka, lakini kila moja hubaki na anwani yake ya kudumu. Msomaji ndiye anayekuja. Kwenye mitandao ya kijamii, kama Facebook (2004), YouTube (2005), Twitter (2006, inayoitwa X tangu 2023) na Instagram (2010), mwandishi ndiye anayemfuata msomaji mahali alipokwisha kukaa na marafiki zake. Hii ndiyo sababu ya mitandao hiyo kukuza hadhira haraka kuliko blogu.

Tofauti nyingine haionekani kwa macho. Aliyejiandikisha kupokea machapisho ya blogu kwa barua pepe huletewa yote. Aliyebonyeza "fuata" kwenye mtandao wa kijamii huonyeshwa yale tu yaliyochaguliwa na algoriti, yaani kanuni za kompyuta zinazokisia ni chapisho gani litamfanya abaki muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mwenye wafuasi 10,000 hazungumzi na watu 10,000. Huzungumza na wale ambao kampuni imeamua wamsikie siku hiyo.

Mwanzo wa hadhira ya Kiswahili

Kati ya waanzilishi wa blogu za Kiswahili anatajwa Mtanzania Ndesanjo Macha, mwandishi wa blogu ya Jikomboe, aliyeanza kublogu katika miaka ya mwanzo ya 2000 na kuwahimiza wengine waandike kwa lugha yao. Mwaka 2005 mpigapicha wa magazeti Muhidin Issa Michuzi alianzisha blogu iliyokuja kujulikana kama Globu ya Jamii, mojawapo ya blogu zilizosomwa sana nchini Tanzania.

Mfano wa Michuzi unafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ulifanikiwa bila mbinu zozote zinazofundishwa leo. Kila siku kulikuwa na picha nyingi zenye maelezo mafupi: viongozi uwanja wa ndege, harusi, misiba, mitaa ya Dar es Salaam siku ya mvua, watu mashuhuri wa zamani wakiwa vijana. Wasomaji waliitwa "wadau" na mwenye blogu aliitwa "Ankal". Majina hayo mawili yalifanya kazi kubwa. Mdau ni mtu mwenye sehemu yake katika jambo. Akiwa na picha ya msiba wa kijijini au tangazo la mkutano wa Watanzania wa mji fulani, hulituma. Hivyo hadhira yenyewe ikawa sehemu ya chumba cha habari.

Sehemu kubwa ya wasomaji wa mwanzo wa blogu za namna hii walikuwa ughaibuni, Ulaya na Amerika Kaskazini, kwa sababu rahisi: huko intaneti ilikuwa nyumbani na kazini. Katika Afrika Mashariki mawasiliano yalitegemea setilaiti, yalikuwa ya polepole na ghali, hadi nyaya za baharini zilipofika pwani ya Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Mwanafunzi au mfanyakazi aliye mbali hakuhitaji kuambiwa kwa nini arudi kesho. Blogu ilikuwa dirisha la nyumbani. Simu zenye intaneti zilipoenea, wasomaji wa nyumbani waliongezeka, lakini wengi wao waliingia mtandaoni moja kwa moja kupitia Facebook na WhatsApp, wala hawakuwahi kuwa na mazoea ya kuandika anwani ya tovuti.

Nchini Kenya blogu nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza. Ziliwahi kuonyesha faida ya kuwa na hadhira kabla ya kuihitaji. Serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja mwishoni mwa Desemba 2007, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, wasomaji wa blogu ya Kenyan Pundit ya Ory Okolloh walituma taarifa za yaliyotokea mitaani kwao. Wazo lake la kuweka taarifa hizo kwenye ramani lilizaa mradi wa Ushahidi mnamo Januari 2008.

Jinsi hadhira inavyojengwa

Kitu cha kwanza ni mada inayoeleweka. Msomaji anayerudi huwa anajua atakachokikuta. Blogu inayochanganya mapishi, siasa na matokeo ya mpira inaweza kusomwa sana kwa siku moja, lakini hakuna anayeikumbuka kwa jambo fulani, isipokuwa mwandishi mwenyewe awe ndiye kivutio.

Pili ni ratiba. Chapisho moja kila Jumatatu kwa mwaka mzima hujenga mazoea zaidi kuliko machapisho ishirini ya mwezi wa kwanza yanayofuatwa na kimya. Blogu nyingi zilizokufa zilikufa hivyo.

Kiswahili kina faida ambayo haijatumika ipasavyo. Mtu anayetafuta kwa Kiingereza namna ya kufuga kuku hupata kurasa nyingi zinazoshindana, zilizoandikwa kwa mazingira mengine. Anayetafuta kwa Kiswahili dawa ya kideri, utaratibu wa kubadilisha jina kwenye hati au maana ya methali hupata majibu machache. Makala nzuri juu ya jambo la namna hiyo huweza kusomwa kwa miaka, kwa kuwa injini za utafutaji huendelea kuleta watu wapya. Chapisho la mtandao wa kijamii kwa kawaida huisha nguvu baada ya saa chache au siku chache. Ndiyo sababu waandishi wengi huunganisha mawili hayo: maandishi kamili hukaa kwenye blogu, na mtandao wa kijamii hutumika kama mpiga mbiu anayeelekeza watu huko.

Uzito wa ukurasa una maana kubwa kwa wasomaji wanaonunua bando la siku. Picha za megabaiti kadhaa na video inayojiwasha yenyewe humaliza bando la msomaji kabla hajafika aya ya pili, na mtu aliyeliwa bando hasahau.

WhatsApp ni suala la pekee. Huko ndiko habari nyingi za Kiswahili husambaa, lakini mara nyingi husambaa zikiwa zimenakiliwa bila jina la mwandishi wala anwani ya alikozitoa. Mwandishi anaweza kusomwa na maelfu ya watu na asipate hata msomaji mmoja wa kudumu. Wengine huweka jina la blogu ndani ya picha yenyewe au katikati ya aya, mahali ambapo ni usumbufu kulikata.

Vichwa vya habari vya chambo, vinavyoahidi "utashangaa" na kuficha jina la anayehusika, huongeza mibofyo kwa muda. Msomaji aliyedanganywa mara tatu huacha kubofya hata siku habari inapokuwa ya kweli.

Kuisimamia

Kazi ngumu zaidi ni maoni. Programu za blogu humruhusu mwenye blogu kuyasoma kabla hayajaonekana, na waandishi wengi wa Afrika Mashariki huchagua hivyo kwa sababu maoni yasiyo na jina hugeuka haraka kuwa matusi ya kabila, dini au jinsia. Uchujaji huo una gharama yake: mazungumzo hupoa msomaji anaposubiri saa sita ili neno lake litokee. Njia ya kati ni kuandika kanuni fupi, kuiweka wazi, na kuitumia kwa rafiki na adui kwa kipimo kilekile. Anayefuta kila neno la kumpinga hubaki na wasifu wake tu, na wasomaji huliona hilo.

Kosa likitokea, utaratibu mzuri ni kulisahihisha palepale na kuandika kwamba limesahihishwa. Kufuta chapisho kimyakimya hakusaidii, kwa kuwa mara nyingi kuna mtu aliyekwisha kupiga picha ya skrini.

Usimamizi unahusu pia usalama. Akaunti yenye wafuasi wengi ni mali, na wezi huitafuta ili waombe pesa kwa jina la mwenyewe. Uthibitisho wa hatua mbili huzuia wizi mwingi wa namna hiyo. Taasisi zinapaswa kujua ni nani mwenye nywila. Si jambo geni ukurasa wa taasisi kuondoka pamoja na kijana aliyeufungua.

Idadi ya wafuasi ni kipimo dhaifu. Wafuasi huuzwa, na akaunti yenye watu 50,000 ambayo kila chapisho lake hupata majibu matano haina hadhira. Vipimo vinavyosema zaidi ni idadi ya watu wanaorudi, muda wanaokaa kwenye ukurasa, na maswali wanayouliza.

Mwenye mahali

Hadhira iliyo kwenye jukwaa la mtu mwingine inaweza kupotea bila kosa la mwandishi. Mwaka 2013 Google ilifunga Google Reader, huduma iliyotumiwa na watu wengi kufuatilia blogu. Mtandao wa video fupi wa Vine ulifungwa mwaka 2017. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki mbele ya yale ya kurasa za umma, na kurasa nyingi za habari zilipungukiwa na wasomaji.

Kwa sababu hiyo waandishi hushauriwa kununua anwani yao wenyewe ya tovuti na kukusanya, kwa hiari ya wasomaji, orodha ya barua pepe. Orodha hiyo huhamishika. Wafuasi wa jukwaa hawahamishiki.

Ushauri huo una mpaka, kwa sababu serikali nayo ni mwenye mahali. Nchini Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu wawe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000 na ada ya leseni shilingi 1,000,000 kwa mwaka. Adhabu ya kukiuka ilikuwa faini isiyopungua shilingi 5,000,000, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kwa mwandishi wa Mbeya aliyeandika jioni baada ya kazi, bila kipato chochote, ada hiyo ilikuwa sawa na amri ya kunyamaza. Juni 2018 blogu na tovuti kadhaa zilisimama, ukiwemo mtandao maarufu wa JamiiForums, ambao ulirudi baadaye. Ada zilipunguzwa katika marekebisho ya mwaka 2022.

Nchini Uganda, kuanzia Julai 2018 mtumiaji wa mitandao ya kijamii alitozwa shilingi 200 za nchi hiyo kwa siku, hadi kodi hiyo ilipobadilishwa mwaka 2021 kuwa asilimia 12 ya bei ya data. Facebook ilifungwa nchini humo Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi. Tanzania ilifunga X mwezi Mei 2025. Katika hali kama hizo watu wengi huendelea kuingia kwa VPN, lakini mwandishi hupoteza kwanza wale wenye simu duni na bando dogo.

Mapato

Mojawapo ya njia za zamani ni matangazo ya Google AdSense, yaliyoanza mwaka 2003. YouTube, tangu 2018, iliweka sharti la wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka kabla ya kugawana mapato ya matangazo. Malipo haya hutegemea wingi wa watu, na hivyo huvuta waandishi kuelekea umbea na chambo.

Mwandishi wa Marekani Kevin Kelly alipendekeza mwaka 2008 njia nyingine: mashabiki wa kweli 1,000, kila mmoja akitoa dola 100 kwa mwaka. Hesabu hiyo haihamishiki ilivyo hadi Kisumu au Tanga, ambako dola 100 ni fedha nyingi kwa msomaji wa kawaida. Lakini malipo kwa simu, yaliyoenea Kenya tangu M-Pesa ya mwaka 2007 na baadaye katika nchi jirani, yamewezesha michango midogo ambayo haikuwezekana kwa kadi za benki: kununua kitabu cha kielektroniki, kulipia somo moja, au kuchangia gharama za tovuti. Wengine hulipwa na kampuni ili wataje bidhaa zao. Hapo hadhira hutarajia kuambiwa wazi kwamba chapisho limelipiwa, na anayeficha hilo hugunduliwa mara nyingi na wasomaji wake wa zamani zaidi.