Korongo taji hubaki Kitale na Bungoma wageni wakirudi Ulaya

Baridi inapoanza kupungua Ulaya, kati ya Februari na Aprili, wakulima wa Kitale na Bungoma huwa wanatayarisha mashamba wakisubiri mvua. Kipindi hicho ndicho ndege wageni huaga maeneo hayo na kurejea kaskazini kuzaliana.

Miongoni mwao ni mbayuwayu wa Ulaya, mwenye koo jekundu na mkia wa panda. Ndege huyo, ambaye uzani wake ni gramu 20 hivi, huanza kuwasili Kenya Septemba. Kabla ya kuondoka, hutua kwa makundi kwenye nyaya za umeme. Mwingine ni korongo mweupe, ambaye huzunguka mashambani akila panzi, nzige na viwavijeshi.

Wageni hao wakishaondoka, korongo taji hubaki. Huyu ana kimo cha mita moja hivi na shungi la rangi ya dhahabu kichwani, naye ndiye aliye katika bendera ya Uganda. Hulala juu ya miti na hutafuta wadudu na mbegu mashambani, lakini hutaga mayai chini, katikati ya matete na nyasi za kinamasi. Dume na jike hupokezana kuyaatamia kwa muda wa mwezi mmoja hivi.

Hapo ndipo penye hatari. Kinamasi kinapokaushwa ili kipandwe mahindi au mboga, ndege huyo hukosa mahali pa kuzalia. Kuna watu wanaochukua mayai na makinda yake, na wengine humtegea sumu kwa kuwa hufukua mbegu zilizopandwa. Mwaka wa 2012 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kuangamia.

Karibu na Kitale, Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa Swamp, iliyoanzishwa mwaka wa 1974 ili kumhifadhi nzohe, huwapa korongo hao makao. Hata hivyo, ukubwa wake ni kilomita mraba 3 hivi tu. Nje ya mbuga, usalama wao umo mikononi mwa wakulima. Anayeacha matete ya kinamasi bila kuyafyeka humpa korongo mahali pa kutaga, na pia huhifadhi maji ambayo mifugo wake watayahitaji wakati wa kiangazi.