Si Kila Kijani Ni Malisho: Setilaiti na Uoto wa Kwale

Juu ya milima ya Shimba, mwendo mfupi kutoka mji wa Kwale, kuna nyanda za nyasi zilizozungukwa na msitu. Humo ndimo anamoishi palahala, mnyama mwenye pembe ndefu zilizopinda kuelekea mgongoni, ambaye hapatikani porini kwingine nchini Kenya. Palahala hula nyasi, na nyasi hizo huhitaji moto. Zisipochomwa kwa mpango, vichaka hujipenyeza kutoka ukingoni mwa msitu, miche hukomaa, na uwazi huzibwa. Sasa patazame mahali hapo kutoka kilomita 705 angani, inakopita setilaiti ya Landsat. Kadiri kichaka kinavyoimeza nyasi, ndivyo kipimo cha ukijani kinavyopanda. Ramani itaonyesha hali imekuwa njema, ilhali palahala amenyang'anywa chakula.

Mfano huu unabeba hoja yangu yote. Setilaiti hupima ukijani, nasi tumezoea kuusoma ukijani huo kana kwamba ni malisho. Katika kaunti kama Kwale, makosa hayo yana gharama.

Jani hai hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha angani miale ya infraredi iliyo karibu. Tofauti ya viwango hivyo viwili, ikigawanywa kwa jumla yake, hutoa fahirisi ya uoto, nambari iliyo kati ya -1 na 1. Ni hesabu ya busara, nami siidharau. Lakini haitaji jina la mmea, wala haijui kama ng'ombe anaula.

Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame huitumia fahirisi hiyo katika taarifa zake za kila mwezi, na Kwale imo katika kaunti 23 kame na nusu kame zinazofuatiliwa. Hali ya sasa hulinganishwa na kiwango cha chini na cha juu kilichowahi kuonekana mahali hapohapo. Alama za ulinganisho huo zikishuka chini ya 35 huhesabiwa ukame, na chini ya 10 ukame uliokithiri. Utaratibu huu una sifa yake kubwa: haupimi nyika ya Kinango kwa kipimo cha pwani ya Diani. Minazi ya Diani na mikorosho ya Msambweni hubaki kijani hata nyika ya Kinango inapokauka, na kuzilinganisha sehemu hizo moja kwa moja kungekuwa dhuluma. Ila utaratibu huo umejengwa juu ya dhana kwamba mimea ya mahali ni ileile mwaka baada ya mwaka. Kama katika miaka 20 vichaka vimeongezeka na nyasi zimepungua, mwaka mbaya wa leo utaonekana wa wastani, kwa kuwa miti imeziba pengo lililoachwa na nyasi.

Tazama pikseli moja ya MODIS, kifaa cha setilaiti kinachopima ukijani, upande wa Kinango. Ni mraba wa mita 250 kila upande, yaani hekta 6.25. Ndani yake mna shamba la mahindi lililovunwa, zizi, mikwaju miwili, njia nyekundu waliyoikanyaga ng'ombe wakienda silanga, na kichaka cha miiba ambacho hakipitiki. Vyote hivyo hupewa nambari moja. Isitoshe, miti mingi ya nyika huchipua kabla mvua haijanyesha. Mwishoni mwa kiangazi, basi, setilaiti inaweza kuona kijani kikianza kurudi wakati mchungaji bado anahesabu mbavu za ng'ombe wake.

Mtu atasema mbuzi hula majani ya vichaka. Ni kweli, na ndiyo sababu mbuzi huustahimili ukame zaidi kuliko ng'ombe. Hilo linatulazimisha kuuliza malisho ya nani. Kwa mwenye mbuzi 30 kichaka ni akiba; kwa mfugaji wa jamii ya Waduruma mwenye ng'ombe 10, kichaka hichohicho ni malisho yaliyopotea. Swali hili lina uzito wa fedha pia: bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010 hulipa kwa kufuata fahirisi hiyohiyo.

Tiba ipo, na haihitaji chombo kipya. Picha za Landsat zenye pikseli za mita 30 zinarudi hadi miaka ya 1980, na tangu 2008 hutolewa bure. Sentinel-2, iliyoanza kuruka mwaka 2015, huona hadi mita 10. Mawingu ya masika huziba macho ya zote mbili, lakini rada ya Sentinel-1 hupenya. La muhimu zaidi ni majira. Wakati wa kaskazi, Februari inapoelekea mwisho, nyasi zimekwisha kukauka. Kijani kinachobaki ni cha miti na vichaka. Kipimo hicho kikitolewa katika kile cha masika, ongezeko linalobaki liko karibu zaidi na nyasi, ingawa majani mapya ya miti na mahindi ya mashambani bado yamo ndani yake.

Mchanganyiko huo hawezi kuutenganisha mchambuzi aliyeketi Nairobi peke yake. Yapasa kuwe na vipande vya ardhi vinavyokaguliwa kila msimu, kuanzia nyanda za Shimba hadi Mackinnon Road, na wakaguzi wawe wachungaji wenyewe, wakiandika kila nyasi kwa jina lake la Kiduruma na kama ng'ombe bado wanainamia kuila.