Fahamu Namna ya Kutambua Hitilafu za Kiyoyozi cha Gari Zitokanazo na Uvujaji wa Maji

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kiyoyozi cha gari hupoza hewa na, katika kufanya hivyo, huikamua maji. Katika hewa yenye unyevu mwingi kama ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, matone hujikusanya ndani ya dashibodi muda wote kiyoyozi kinapofanya kazi, na hutakiwa kutoka nje ya gari. Yakikosa njia, huishia kwenye kapeti, kwenye mota ya feni na kwenye nyaya za umeme. Hapo kiyoyozi huanza kusumbua, na wamiliki wengi hukimbilia kuongeza gesi hata pale ambapo gesi haijapungua.

Makala haya yanaeleza vyanzo vya maji hayo, dalili za kila chanzo, na hatua ambazo mmiliki anaweza kuzichukua kabla ya kulipia matengenezo yasiyo ya lazima. Kanuni ya msingi ni moja: ijulikane kwanza ni maji gani, ndipo itafutwe hitilafu.

Maji ya kiyoyozi chenyewe

Nyuma ya dashibodi kuna kifaa chenye mapezi membamba ya alumini kiitwacho evapareta. Gesi hupita ndani yake ikiwa baridi sana, na feni hupuliza hewa juu yake. Unyevu uliomo katika hewa hugeuka matone, kama yanavyotokea kwenye chupa ya soda iliyotoka katika jokofu. Matone hayo hudondoka kwenye kisanduku cha evapareta na kutoka nje kwa bomba dogo la mpira linalopenya ukuta unaotenganisha injini na abiria.

Kwa hiyo, maji safi yasiyo na harufu yanayodondoka chini ya gari lililoegeshwa baada ya kiyoyozi kutumika si kasoro, bali ni ishara ya afya. Cha kutia shaka ni matone hayo kukoma siku yenye joto na unyevu, huku kapeti ya mbele ikilowa.

Sababu ya kawaida ni bomba hilo kuziba kwa vumbi, majani, tope au viota vya wadudu. Katika magari yenye usukani upande wa kulia, kapeti inayolowa kwa kawaida ni ya abiria wa mbele, upande wa kushoto. Dalili nyingine ni sauti ya maji yanayocheza ndani ya dashibodi gari linapokata kona, na harufu ya uvundo kiyoyozi kinapowashwa.

Kuna pia hali ya evapareta kuganda barafu. Filta ya hewa ya ndani ikijaa vumbi, au gesi ikipungua, hewa inayotoka hudhoofika kidogo kidogo katika safari ndefu ingawa feni inasikika ikizunguka kwa nguvu. Kiyoyozi kikizimwa, barafu huyeyuka na maji mengi kutoka kwa mkupuo. Tiba ya kwanza ni kukagua filta hiyo, ambayo katika magari mengi hukaa nyuma ya kisanduku cha kuwekea vitu mbele ya abiria.

Maji ya mvua

Chini ya kioo cha mbele, mahali waipa zinapokaa, kuna mfereji uliofunikwa kwa plastiki yenye matundu. Hapo ndipo kiyoyozi huvutia hewa ya nje, na hapo hapo ndipo maji ya mvua hupokelewa na kuelekezwa chini kupitia vitundu vya pembeni. Gari linaloegeshwa chini ya mwembe au mwarobaini hujaza majani katika mfereji huo. Vitundu vikiziba, maji hupanda hadi kwenye njia ya hewa na kuimwagikia mota ya feni.

Dalili zake hujitokeza baada ya mvua au baada ya gari kuoshwa, hata kama kiyoyozi hakikuwashwa. Feni hupiga kelele, hukwama, au hufanya kazi katika kasi ya juu pekee. Dalili hiyo ya mwisho kwa kawaida huonyesha kuharibika kwa rezista ya feni, kifaa kidogo kinachopunguza kasi, ambacho huwekwa ndani ya njia ya hewa na hivyo hushika kutu haraka kikilowa. Kubadilisha rezista bila kuzibua mfereji ni kazi bure, kwa kuwa mvua inayofuata itaharibu na hiyo mpya.

Maji ya injini

Magari mengi yana kifaa cha kupasha joto ndani, yaani hita, ambacho hupitishiwa maji ya kupoozea injini yanayojulikana kwa mafundi kama kulanti. Kifaa hiki hukaa karibu na evapareta. Kikitoboka, kapeti hulowa vilevile, na ndiyo maana hitilafu hizi mbili huchanganywa.

Tofauti iko wazi kwa anayechunguza. Kulanti huwa na rangi ya kijani, nyekundu, ya waridi au ya buluu, huteleza kati ya vidole na hutoa harufu ya utamutamu. Kioo cha mbele huweza kupata ukungu wenye mafuta usiofutika kwa urahisi, na kiwango katika chombo cha akiba hushuka. Kimiminika hicho kina sumu, hivyo kisionjwe kamwe, na watoto na wanyama wasikikaribie. Hali hii haipaswi kusubiri, kwani injini inayoishiwa maji huchemka na kuharibika.

Unyevu ndani ya mabomba ya gesi

Maji mengine hayaonekani kabisa. Mfumo wa gesi ukiachwa wazi, kwa mfano baada ya ajali au wakati wa kubadilisha kompresa, hewa yenye unyevu huingia ndani. Unyevu huo huganda kwenye vali ndogo inayopunguza mgandamizo wa gesi na kuziba njia. Kiyoyozi hupoza kwa dakika kadhaa, kisha hutoa hewa ya joto, na kikipumzishwa hupoza tena. Aidha, unyevu ukichanganyika na gesi na oili ya kompresa hutengeneza tindikali inayokula vyuma kwa ndani.

Kuongeza gesi hakuponyi tatizo hili. Fundi hutakiwa kuondoa gesi kwa mashine ya kuikusanya, kubadilisha draya, ambayo ni chujio linalofyonza unyevu, kisha kunyonya hewa yote kwa pampu kwa muda usiopungua dakika 30 na kuhakikisha mfumo hauvuji. Baada ya hapo gesi mpya hupimwa kwa gramu kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko kilichopo chini ya boneti.

Vipimo vitatu vya kufanya nyumbani

Kabla ya kuanza, kapeti ikaushwe vizuri ili maji mapya yaonekane.

1. Siku isiyo na mvua, gari liegeshwe mahali palipo wazi na kiyoyozi kiwashwe kwa dakika 20 hadi 30. Matone yakionekana chini ya gari na kapeti ikabaki kavu, bomba la kutolea maji ni zima. Kapeti ikilowa bila matone chini, bomba limeziba au limechomoka.

2. Kiyoyozi kikiwa kimezimwa, maji yamwagwe polepole chini ya kioo cha mbele, nje ya gari. Yakiingia ndani, chanzo ni mfereji wa mvua. Milango na paa lenye dirisha navyo vikaguliwe kwa njia hiyo hiyo.

3. Karatasi nyeupe ya tishu igandamizwe kwenye sehemu iliyolowa. Ikitoka na rangi au utelezi, injini ikaguliwe kwanza. Kiwango cha kulanti kitazamwe kwenye chombo cha akiba injini ikiwa baridi. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto.

Tahadhari

Bomba lililoziba huweza kuzibuliwa kutoka chini kwa waya laini au upepo wa nguvu ndogo. Waya mkali huweza kutoboa evapareta, na upepo mkali wa kompresa ya gereji huweza kuchomoa bomba ndani ya dashibodi. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.

Nyaya za njano chini ya dashibodi mara nyingi ni za mifuko ya hewa ya usalama, na zile za rangi ya chungwa katika magari ya mfumo mseto hubeba umeme mkubwa. Zote mbili ziachiwe fundi mwenye ujuzi. Fyuzi inayokatika mara kwa mara isibadilishwe kwa yenye uwezo mkubwa zaidi, kwa sababu nyaya zilizolowa huweza kushika moto.

Kapeti iliyolowa iinuliwe na kukaushwa pamoja na sifongo iliyo chini yake. Ikiachwa huota ukungu unaodhuru wenye pumu na mzio, huozesha sakafu ya gari na kuweka mvuke kwenye kioo wakati wa mvua, jambo linalomnyima dereva uwezo wa kuona barabara.

Gharama ya kupuuza

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli, kwa kuwa mfumo wake umefungwa. Inapopungua haraka, imevuja, na mahali pa uvujaji hapana budi kupatikana kabla ya kujaza nyingine. Evapareta inayokaa ndani ya maji na uchafu huliwa na kutu na hatimaye huvujisha gesi. Hivyo bomba dogo la mpira ambalo lingezibuliwa kwa dakika chache huweza kusababisha dashibodi nzima kufunguliwa.

Hasara hiyo haimgusi mmiliki peke yake. Gesi ya R134a, inayotumika katika magari mengi, huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 ya kiasi kilekile cha hewa ya ukaa. Ni miongoni mwa gesi ambazo mataifa yalikubaliana kupunguza matumizi yake katika Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, yaliyoanza kutekelezwa mwaka 2019.

Wamiliki wa magari wanashauriwa kusafisha mfereji wa chini ya kioo na kukagua bomba la kutolea maji kabla ya masika na kabla ya vuli, na kubadilisha filta ya hewa kulingana na kitabu cha gari. Wanapofika gereji, wamweleze fundi lini kapeti hulowa, upande upi, na kama maji yana rangi au harufu. Maelezo hayo matatu humwezesha fundi kuanza kazi mahali panapostahili.